Kichwa cha Mama Shiru

Hii aibu nimeifunika tangu mwaka jana, lakini kwa vile nyinyi ni watu wangu wacha niiseme nipumzike, na atakayecheka kupita kiasi ajue siku moja atakuja nimsuke.

Mimi nasuka kwa saluni ya Madam Gladys, Kawangware, na kila asubuhi natoka mtaa wa Raila na chapo mbili, chapati zangu za mchana, kwenye mkebe. Siku moja kufungua mkebe, chapo ni moja. Pale kazini tuko watatu tu: mimi, Madam, na Atieno, ambaye tunasuka naye kichwa kimoja, yeye kushoto mimi kulia, ili mteja atoke haraka. Sikuuliza mtu. Nikaamua ni Atieno, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na mafuta (na sisi wasusi mikono ni mafuta kutwa nzima, lakini hasira haina macho), nikaapa kesho yake simsemeshi.

Na kesho yake ndiyo akaja Mama Shiru, landlady wetu, mwenye jengo la saluni. Saa nane mchana wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake. Atieno alikuwa ameenda kununua nywele za kusukia, kwa hivyo maagizo nikapewa peke yangu.

"Rispa, matuta madogo, yote irudi nyuma. Mimi ni mama ya bibi harusi, usinifanye kasichana."

Madam alikuwa anatoka, akanivuta kando kwanza. "Huyu akikasirika, mmoja wenu anaenda nyumbani."

Atieno akarudi, akakaa upande wake, akaningoja niseme kitu. Nikakohoa, nikaangalia dari. Basi akaanza tu, na Mama Shiru alikuwa ameshalala (alikuwa anamenya viazi tangu alfajiri). Baada ya saa moja nikachungulia: matuta ya Atieno yalikuwa manene hivi, yanapanda juu utosini. Ningesema neno moja tu. Lakini nikakumbuka chapo yangu, roho ikafurahi, nikasema acha aaibike mwenyewe, utadhani vichwa vilikuwa viwili.

Simu ya Mama Shiru ikalia, ya video, dada yake.

"Uuuwi! Nani amekufanya hivyo? Upande mmoja unaenda kanisa, mwingine unaenda klabu!"

Mama Shiru akajitazama kwa kioo. Kisha akasema, "Chukueni vitana. Wageni wanafika saa hii, tunaenda na nyinyi nyumbani."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta chumbani kwake tunafumua, na huko nje wanawake wa upande wa bwana harusi wameshafika getini wanaimba wafunguliwe, na geti haifunguliwi bila mama mwenyewe. Waliimba wakarudia, wakarudia tena, mpaka wimbo ukaanza kusikika kama malalamiko.

"Atieno," nikasema, "gawa hapa, mimi nasuka. Madogo, yanarudi nyuma."

"Kumbe unaongea?"

"Naongea. Pole."

Tulimaliza. Mama Shiru akatoka amependeza, na sisi tukapita katikati ya wakwe na vitana mkononi, mashangazi wakitusonta, "Ndio hao! Ndio hao!" Nilitamani ardhi inimeze.

Saluni tukamkuta Madam amekunja mikono. "Shida ilikuwa nini, hamwezi kuongea?"

Nikaeleza yote, chapo na machozi. Madam akakohoa. Akapanga chupa za shampoo ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Hiyo chapo nilikula mimi," akasema. "Nilidhani umeniwekea. Si ungeuliza tu?"

Hakuna aliyefutwa. Ila Atieno alininunia siku mbili, na nilistahili. Siku hizi mteja akikaa, maagizo nayasema kwa sauti na Atieno anayarudia, hata kama mtu amekuja kuoshwa tu. Na chapo ikipungua nauliza siku hiyo hiyo, nikianza na Madam.