Nilivyompunguzia Mtu Kilomita

Hakuna aliyeniuliza. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikilisimulia jambo hili kana kwamba kuna mtu aliyeniuliza, nami nikajibu tu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Mbagala, kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi pembeni na mchanga katikati. Klabu yetu ya jogingi ilikuwa imemaliza mbio. Watu walikuwa wameinama, mikono magotini, fulana za kijani zimewaganda mgongoni, na chini ya turubai sufuria la supu lilikuwa linafuka. Katikati ya duara alisimama mama mmoja wa makamo, mama lishe anayeuza chai, chapati na maharage jirani na kijiwe cha bodaboda. Maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kichwani, yakipita kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, mpaka kwenye raba.

Ndiyo desturi ya klabu. Mwanachama akimaliza kilomita kumi kwa mara ya kwanza bila kutembea hata hatua moja, anamwagiwa ndoo ya maji na wote wanamwimbia. Yule mama alikuwa amejaribu miezi mingi. Jumapili moja alikomea kwenye kilima, nyingine kwenye mitaa ya nyuma ya soko, nyingine alifika uwanjani kabisa akashindwa mizunguko ya mwisho. Siku hiyo alimaliza. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na kwa sababu ya maji hukuweza kujua kipi ni kipi.

Nikatazama saa kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, "Lakini hizi siyo kumi, jamani. Ni nane pointi tatu."

Nyimbo hazikukatika mara moja. Zilikufa upande mmoja wa duara, kisha upande wa pili.

*

Saa ile niliipenda kabla ya kupenda kukimbia. Huo ndio ukweli wenyewe. Nilikuwa nakutana na waandishi wenzangu kila Jumamosi huko Kinondoni, tunasomeana kurasa zetu na kuumizana kwa adabu. Riwaya yangu ilikuwa na mhusika mkimbiaji. Rafiki yangu mmoja, mshairi ambaye kweli anakimbia, alisikiliza sura nzima halafu akasema, "Braza, huyu mtu wako kakimbia kurasa sita na hajatoka hata jasho. Ana miguu au ana mabawa?"

Ndipo nikaanza kukimbia. Na kwa kuwa mimi ni wa kuanzia kwenye vifaa, kabla sijanunua hata raba nilishatumia wiki nyingi nikilinganisha saa. Nilijua ipi inakamata setilaiti haraka, ipi inapima mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono bila kudanganya, ipi kioo chake husomeka juani. Mshairi alikuwa na ndogo, nyepesi, ya plastiki, ya wakimbiaji tu. Ukitoka mlangoni imeshajua uko wapi, ila chaji yake haivuki siku chache. Mimi nikachukua kubwa, nyeusi, iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Hiyo ilikuwa ya wanamichezo wa michezo mitatu: unatoka majini, unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na kila badiliko ni kubonyeza kitufe kimoja. Ilikuwa na ramani. Ilikuwa na dira. Nilikuwa naivaa hata nikienda kununua mkaa.

Sijui kuogelea. Baiskeli sina.

"Hiyo ni ya michezo mitatu," mshairi alikuwa akinitania. "Wewe hata huo mmoja unakushinda."

"Lakini inakaa na chaji wiki tatu."

"Nani kasema?"

"Aliyeniuzia."

Ikawa ubishi wetu wa kila Jumamosi. Saa yangu haikuvuka wiki moja, na sikutaka ajue. Nikachimba kwenye menyu mpaka nikakuta mahali pa kuibana matumizi, nikabonyeza ndiyo. Baada ya hapo chaji ilianza kukaa kweli. Nikaenda Kinondoni nikamwonyesha, tena mbele za watu. Nilishinda ubishi, nikasahau nilichobonyeza.

*

Pale uwanjani, mwenyekiti wa klabu ndiye aliyejibu. Ni mzee aliyefanya kazi na wajenzi wa barabara karibu maisha yake yote, mtu wa maneno machache.

"Njia hii nimeipima mwenyewe, kijana. Kwa gurudumu."

"Gurudumu, mwenyekiti?" nikasema. "Hii inatumia setilaiti."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwa changu, nami nilikionja kama mtu anayeonja supu kabla ya wenzake.

"Kwa hiyo siku zote tunaibiwa kilomita!" alisema mmoja.

"Mama, ndoo imewahi," akadakia mwingine. "Rudisha maji yetu!"

Yule mama naye akacheka. Alishika ncha ya kanga akajifuta uso, taratibu, kuliko ilivyohitajika. "Basi zilizobaki nitamalizia nyumbani nikiosha masufuria," akasema. Hakunywa supu. Alipoondoka alikuwa bado ameloa, na michirizi ya maji ilimfuata kwenye mchanga hatua chache, kisha ikakauka.

Nimesema hakuna aliyeniuliza, lakini sijasema kwa nini nilisema. Njia yetu inaishia kwa mizunguko kuzunguka uwanja. Katika mzunguko wa mwisho nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona vinyota, na nyuma yangu nikasikia pumzi nzito na kanga inayopigapiga miguuni. Alikuwa yeye. Alipofika usawa wangu alinigusa kiwiko akasema, "Twende, mdogo wangu, usilale." Akanipita. Hakunidharau hata kidogo, alisema kwa upole wote wa mtu anayejua uchovu ni nini. Nami, mwenye dira na ramani na mapigo ya moyo kifundoni, nikautazama mgongo wake mpaka mwisho. Dakika tano baadaye alipomwagiwa maji, nilikuwa na jambo moja tu la kumrudishia.

*

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Nilipita kibandani kwake siku moja ya kazi, asubuhi, nikijiambia kwamba nataka chai tu. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Nane Pointi, niongezee moja ya moto!"

"Nane Pointi, mbona maharage hayajai sahani? Nayo yameishiwa pumzi njiani?"

"Mwacheni bwana, Nane Pointi anakata kona."

Nilielewa kabla ya kuketi. Kwa miezi yote ile alikuwa amewaambia kwamba ipo siku atakimbia kumi, nao walimcheka, mwili wake, umri wake, na kanga yake. Jumapili ile lazima alirudi akawaambia. Na lazima mmoja wa klabu yetu, anayepaki pikipiki pale, naye aliwaambia.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Aliweka kikombe mbele yangu bila kunitazama usoni. Aliitazama saa.

Nikanywa haraka mpaka nikaungua ulimi, nikaondoka.

Bado wakati huo niliamini nilikuwa sahihi. Niliona aibu, ndiyo, ila ilikuwa aibu nyepesi, ya mtu aliyesema kweli mahali pasipofaa. Niliweza kuishi nayo. Niliweza hata kuiandika, na niliiandika, aya mbili nzuri sana kuhusu ukatili wa vipimo, nikawasomea wenzangu Kinondoni, wakatikisa vichwa kwa kuguswa.

Mshairi hakutikisa kichwa. Jumapili iliyofuata alikuja Mbagala kuona kama saa yangu inapima kweli. Alinivalisha ile yake ndogo mkono wa kulia, nami kubwa yangu ikabaki kushoto, nikakimbia njia nzima hivyo, kama mtu aliyefungwa pingu mbili. Mwisho wa mbio tukaketi pembeni mwa uwanja, tukatazama.

Kushoto: nane pointi mbili. Kulia: kumi pointi moja.

Akainyakua yangu, akabonyeza, akaenda ndani ya menyu kama mtu anayeingia nyumba aliyoizoea. "Wewe," akasema, "umeilaza. Hii inafungua jicho, inafumba, inakaa weee, ndipo inafungua tena. Katikati haikuoni. Inachora mstari tu kutoka ulipokuwa mpaka ulipo."

Tukatazama michoro kwenye simu. Ya saa ndogo ilifuata vichochoro vyote, kona kwa kona, na kuuzunguka uwanja duara juu ya duara. Yangu ilikatisha juu ya mapaa. Ilipita katikati ya msikiti, ikapita sokoni juu ya meza za nyanya, na penye mizunguko yetu palikuwa na kitu chenye pembe, kama nyota iliyokanyagwa.

"Umepita mpaka chumbani kwa watu," mshairi akasema, akaanguka chini kwa kicheko. Nami nikacheka. Nilicheka kwa muda wa kutosha. Kisha nikamkumbuka yule mama amesimama, ameloa, nikaacha kucheka.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia moja kwa moja kibandani. Nilikaa wiki mbili. Jumapili mbili nzima nilikaa na wenzangu kwenye supu, nikijua, nikizungusha kijiko. Nilikuwa na sababu, nyingine nzuri kabisa: kwamba ameshasahau, kwamba kulifufua jambo ni kumwaibisha upya. Mwenyekiti alikuwa akinipitishia limao kwa heshima, na mara moja alimwambia mgeni, "Sisi tunasemaga kumi, ila ni nane na kitu. Kijana alitupimia." Aliniangalia nithibitishe, nami nikakubali kwa kichwa.

Kule kukubali kwa kichwa ndiko kulikonitoa usingizini siku zilizofuata. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wateja wamepungua, nikaenda.

Alikuwa anasukuma chapati. Nilimweleza kila kitu, nimesimama, maneno yanajikwaa. Hakuacha kusukuma.

"Kwa hiyo zilikuwa kumi," akasema.

"Kumi na kidogo, mama."

"Mie nilijua. Kesho yake nilishuka kitandani kwa makalio. Nane hazikufanyi hivyo." Akaitupa chapati kikaangoni. "Sasa nikuulize, mdogo wangu. Siku ile uwanjani, ulininong'oneza?"

"Hapana."

"Ulisema mbele za watu."

"Ndiyo."

"Sasa mbona leo umekuja kuninong'oneza?"

Aligeuza chapati kwa vidole. "Nenda," akasema. "Nina unga hapa."

*

Jumapili, supu ilipokuwa inagawiwa, nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilianza na setilaiti, ngapi zinahitajika angani ili saa ijue ilipo. Nikaingia kwenye tofauti ya saa za wakimbiaji na zile za michezo mitatu, na namna kila moja inavyotunza chaji. Nilijisikia nikizidi kuwa mwerevu kwa kila sentensi, na nyuso zikizidi kupotea.

"Kijana," mwenyekiti akanikata. "Supu inapoa. Umekosea, hujakosea?"

"Nimekosea."

"Nini?"

"Njia ni kumi. Kumi na mita mia moja."

"Mia na ishirini," akasema mzee, akageukia bakuli lake.

Dada mmoja wa klabu, mwenye kujua kuchokoza, alikuwa ameshatoa simu. "Hapana, hapana. Mwenyewe asikie." Akapiga, akaweka sauti ya nje, akanishikisha. Upande wa pili niliyasikia mafuta yakichemka, pikipiki inaunguruma, vijana wanabishana kuhusu mpira.

"Nani?"

"Ni mie, mama. Mwandishi. Niko uwanjani, wote wako hapa. Nilikosea. Siku ile ulikimbia kumi."

"Subiri." Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, na sauti yake kwa mbali kidogo, "Nyie! Nyamazeni. Nimesema nyamazeni, wewe na wewe." Halafu karibu tena, "Haya, rudia. Kwa nguvu."

Nikarudia.

"Nani huyo?" sauti ya kijana ikauliza.

"Si yule mwenye lisaa," akajibu mwenzake.

"Sijasikia, pikipiki ilikuwa inaunguruma. Mwambie arudie."

"Rudia," akasema yule mama.

Watu wote wa fulana za kijani walikuwa wameacha kula. Hakuna aliyecheka, na ningelipa chochote wacheke. Nikaishika simu kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikapiga kelele katikati ya uwanja kama mtu anayeuza samaki, "Alikimbia kumi! Kumi zote! Saa yangu ndiyo ilikosea, na mimi nilisema nikijua nataka kumuumiza!" Maneno ya mwisho sikuwa nimeyapanga. Yalitoka na sauti iliyopasuka, nikayasikia yakirudi kutoka upande wa pili, juu ya mabenchi, juu ya vikombe vya chai.

Nikasikia chapati ikitupwa kwenye mafuta.

"Tumesikia," akasema yule mama, akakata simu.