Wallahi ya Bi Zuwena

Bi Zuwena binti Mfaume, fundi cherehani wa barazani, alikuwa na mali moja tu hapa Tabora: akisema wallahi, neno limekwisha. Mteja akilalamika kwamba kitambaa alicholeta kilikuwa mita nne, yeye husema, "Wallahi, kilikuwa tatu na nusu," na mteja humeza mate akaenda zake. Mume hakuwa naye. Aliyekuwepo alimwacha kwa kukosa mtoto. Nyumba hakuwa nayo. Alipanga chumba kwa Mzee Majidi miaka ishirini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutunga uzi kwenye sindano tangu ujana. Mwanamke mzima, mpweke, mwenye macho mekundu! Huku kwetu mtu wa namna hiyo hunong'onwa uchawi; anaishi kwa kiapo chake, na kikimponyoka hana pa kushika.

Kikamponyoka kwa mchezo wa simu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, tunaambiwa tangu utotoni, na bado hatusikii.

Aliyemwingiza ni Shamila, mtoto wa kaka yake aliyeko Dar. "Shangazi, upweke wote huo wa nini? Njoo kwenye grupu letu tucheze Mchawi." Mchezo wenyewe ni mwepesi. Watu kumi na wawili, wa Kigoma, wa Mwanza, wa Dodoma, wanakusanyika kwenye grupu la simu. Mwendeshaji, ambaye wao humwita Balozi, anamtumia kila mmoja ujumbe wa siri: wewe mwanakijiji, wewe mchawi. Wachawi ni wawili. Usiku wanamla mtu mmoja; mchana kijiji kinabishana, kinapiga kura na kumfukuza kinayemshuku. Aliyeliwa haruhusiwi kusema neno mpaka mchezo uishe. Na usiku wenyewe huingia saa nane mchana, jua linachoma mabati, Bi Zuwena yuko barazani anapiga pasi sare za shule. Balozi anaandika tu: "Giza limeingia, kijiji kimelala."

Mara ya kwanza alipewa uchawi. Akajibu mbele ya grupu zima: "Balozi, mimi ni mtoto wa Kiislamu, mambo hayo siyawezi. Mpe mwingine." Walicheka mpaka Kigoma, wakamfukuza kabla giza halijaingia.

Alijifunza polepole, kama alivyojifunza cherehani, kwa kujichoma. Lakini palikuwa na donda lisilopona. Akiwa mwanakijiji husema, "Wallahi si mimi." Akiwa mchawi hulalama tu, "Jamani, mnanionea," maana kiapo cha uongo hakuwa nacho kinywani. Mtu mmoja wa Mwanza akaligundua: "Bi Zuwena asipoapa, ndiye." Basi kila alipopewa uchawi, wakamwambia apige wallahi, na akinyamaza wanamtoa. Ilimuuma. Mtu wa miaka hamsini na minane akanuna, akaunguza kola ya mteja kwa pasi, kwa hasira ya mchezo.

Wakati huo alikwishapata mwanafunzi. Koleta, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa mke wa Benjamini, mpakiaji wa tumbaku aliyekaa Urambo majuma kwa majuma. Mume alimwachia simu yake, hivyo kwenye grupu Koleta alionekana kwa jina la Benjamini, na hakuna aliyejali kulibadilisha. Wawili hao walikaa mkeka mmoja, mmoja anashona, mwingine anachambua karanga, simu katikati. Bi Zuwena alimpa yote aliyoyajua. "Ukishukiwa, mwanangu, usijitetee. Anayejitetea anajikaanga. Mtupie mwenzako, halafu nyamaza."

Ikaja siku Bi Zuwena akapata tena uchawi. Wa kwanza kumla alikuwa Benjamini, yaani Koleta aliyekuwa kando yake pale pale, akapiga ukelele wa kicheko karanga zikamwagika. Waliendelea, mchawi mwenzake akafukuzwa, hadi wakabaki watatu. Yule wa Mwanza akaandika: "Apa, Bi Zuwena." Alitazama simu. Alitazama mtaa. Kisha akabonyeza kinasa sauti akasema, "Wallahi laadhimu, si mimi."

Kijiji kikamwamini, kikamfukuza yule wa Mwanza.

Desturi ya grupu lao, mchawi akishinda hukiri kwa sauti. Naye alikiri, Mwenyezi amsamehe, kwa raha zake zote: "Mchawi ni mimi, Zuwena wa Tabora! Nilianza na Benjamini, nikamla mbichi. Na wallahi nikawaapia, mkaamini, wajinga nyie!" Akacheka mpaka akakohoa. Magharibi alisali, akaleta toba, akajiambia kwamba Mungu anajua mchezo ni mchezo.

Mungu sawa. Lakini binadamu?

Mwezi uliofuata, Benjamini mwenyewe alishuka kwenye treni kutoka Urambo na homa kali. Siku ya tatu akafa. Ndugu zake wakaja kutoka Nzega, wakiongozwa na baba yake mdogo, Mzee Masolwa, na baada ya mazishi wakakaa kikao uani kutafuta aliyemuua. Kwao kijana wa miaka thelathini na nne hafi hivi hivi. Wakaanza na mjane. Nani alimpikia? Nani alimpa maji? Mzee Masolwa akasema watoto wawili wa marehemu wataondoka kesho kwenda Nzega, na mama yao asithubutu kuwafuata.

Koleta hakujitetea. Alitoa simu kifuani, akatafuta, akaiweka katikati ya mkeka.

"Baba, mimi sina neno. Sikilizeni wenyewe."

Bi Zuwena aliitwa kutoka barazani, futikamba ya kupimia nguo shingoni. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema amemla Benjamini mbichi, na mwanzoni alicheka, masikini, alidhani ni jambo la kufafanua tu.

"Koleta, si ule mchezo wetu? Waeleze wakwe zako. Benjamini wa kwenye simu ulikuwa wewe."

Koleta aliangalia mkeka. "Simu ni ya marehemu," alisema taratibu. "Na jina ni la marehemu."

Kila neno lilikuwa kweli.  Bi Zuwena akainua mkono wake wa kulia.

"Wallahi! Wallahi laadhimu, sikumgusa mtoto wa watu!"

 Mzee Majidi mwenye nyumba, aliyekijua kiapo hicho kwa miaka ishirini, alisimama akafungua kinywa kusema. Kidole cha Koleta kikabonyeza tena simu. *Na wallahi nikawaapia, mkaamini, wajinga nyie!* Kile kicheko na kile kikohozi vikajaa ua mzima. Mzee Majidi akaketi.

"Anayetaka mama huyu abaki," alisema Mzee Masolwa, "anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Koleta alikuwa amepakata watoto wake wawili, mikono yote miwili imeshikwa.

Bi Zuwena alipewa mpaka adhuhuri ya kesho yake awe ameondoka. Asubuhi wateja walikuja kuchukua vitambaa ambavyo havijakatwa; mmoja alikishika chake kwa ncha za vidole. Cherehani ilikwenda stesheni kwa mkokoteni, na Bi Zuwena akateremka Igalula, ambako binamu yake alimpa kibanda cha kukaa lakini hakumwalika kula.

Huko Igalula anatia viraka magunia na suruali za wakulima. Hapigi tena wallahi. Akibishiwa hupunguza bei. Grupu hakulitoka. Juma zima alingoja, maana kanuni aliijua vizuri: aliyeliwa hunyamaza mpaka mchezo uishe, kisha hufungua kinywa na kusema ukweli. Hatimaye akaandika, mbele ya wote:

"Benjamini, mchezo umeisha. Sasa sema."

Balozi akajibu kwa kicheko, "Bi Zuwena, leo hata hatujaanza."

Aliendelea kutazama kioo cha simu. Baada ya muda kidogo yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Benjamini ameondoka.