Vifungo vya Mdogo Wake

Mtaani walimwita Dada Pasi. Tangu usichana wake alipiga pasi kwenye duka la dobi, na hata nguo zake za kushindia nyumbani zilikuwa na mkunjo ulionyooka kama rula. Hakuolewa. Wazazi walipofariki, aliyebaki ni mdogo wake tu, fundi redio, mtu wa maneno mengi, aliyepanga chumba upande wa pili wa mji karibu na kibanda chake cha kazi. Walionana Jumapili. Siku nyingine zote Dada Pasi alirudi kutoka kazini, akafungua mlango, akawasha taa, na asiwe na wa kumwambia kwamba amerudi.

Kisha fundi akapata kiharusi. Upande wake wa kulia ukalegea. Dada Pasi alimtoa hospitalini akampeleka kwake, akaacha kazi, wala hakumuuliza mtu. Kuanzia alfajiri alikuwa mbioni: amwogeshe, amvike, amlishe kijiko kwa kijiko, amfute mdomo. Jirani yake alipompa pole, alijibu, "Nimbebe nani kama si yeye?" Alichoka hadi kwenye mifupa, na hakuwahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Hospitali ikamtuma mtaalamu wa tiba kazi, binti mwenye begi mgongoni na sauti ya taratibu. Jirani aliposikia cheo hicho akasema, "Tiba kazi? Akimaliza hapo apite na kwangu. Mume wangu kazi inamuumiza kuitazama tu."

Binti alicheka, kisha akaeleza. Kazi anayoisema si ya mshahara peke yake. Ni kuvaa, kula, kwenda msalani, kujichemshia chai. Yale ambayo mtu akishindwa kuyafanya hujiona amekuwa mzigo.

Alizunguka nyumba nzima akiangalia. Akageuza kitanda ili fundi ainukie upande wenye nguvu. Akaelekeza bomba la kushikia lifungwe msalani, na kiti cha plastiki kiwekwe bafuni. Mpini wa kijiko akauvisha kipande cha mpira ili ujae mkononi. Mwisho akachukua shati.

"Mkono mgonjwa uingie kwanza," alimwambia fundi. "Ukivua, uwe wa mwisho kutoka."

Shati likaingia kwa tabu, kisha vikaja vifungo. Fundi aliinamisha kichwa, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Dada Pasi akainuka.

"Mama, naomba ukae," mtaalamu akasema.

"Mwanangu, mikono ninayo. Nimtazame tu akihangaika?"

"Ukimfungia leo, kesho atakungoja tena."

Akakaa, akageuzia uso ukutani. Alisikia pumzi za mdogo wake, kisha tusi dogo la chinichini. Alipogeuka, shati lilikuwa limefungwa kombo, upande mmoja juu kuliko mwingine. Akanyoosha mkono kulirekebisha.

"Liache, dada," fundi akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Hilo ni langu."

Dada Pasi akacheka naye. Kisha akaenda jikoni, akasimama huko bila kujua alichofuata.

Kuanzia hapo kazi zake zilimtoka moja baada ya nyingine. Fundi akaoga mwenyewe. Akakata kitunguu kwa mkono mmoja, kikiwa kimechomekwa kwenye ubao wenye misumari. Akamkaribisha dada yake chai, na dada akainywa huku akihisi kama mgeni nyumbani mwake. Mtaalamu alipouliza kama fundi yuko tayari kurudi kwake, Dada Pasi aliharakisha kujibu.

"Bado. Anayumba sana."

Hakuwa anayumba. Mtaalamu hakubisha. Akauliza, "Na wewe, mama, siku yako inakwendaje?"

"Akiamka anaoga, halafu anafanya mazoezi ya vidole, halafu..."

"Nimeuliza yako."

Dada Pasi akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Fundi alihama mwishoni mwa mwezi. Mlangoni alisema, "Dada, sikukimbii. Nikikaa hapa nitazoea."

"Najua," akajibu. "Nenda."

Kwa muda mrefu aliendelea kupika chakula cha watu wawili. Asubuhi moja aliita kutoka jikoni, "Umeshaoga?" Akasikia sauti yake imeishia kwenye ukuta. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa dobi. Nafasi yake ilikuwa na mtu, ila dobi, kwa kumheshimu, alimpa kazi ya siku zile ambazo mashuka yanakuwa mengi. Huko hupiga pasi kwa utulivu, hujibu akisemeshwa, na siku ambazo haitwi hukaa nyumbani.

Jumapili fundi huja na mkongojo wake. Hula, huongea, husema kibanda kina wateja, na huondoka mapema kwa kuwa anatembea polepole. Dada Pasi humsindikiza hadi barabarani. Hamshiki mkono. Humtazama akivuka mwenyewe hadi watu wamfunike, kisha hubaki amesimama pale kitambo kabla ya kurudi ndani.