Nilimsemea Bosi Wangu, Sasa Mzee wa Watu Yuko Mahabusu

Admin, nifichie kila kitu, maana huku Mbinga tunajuana mpaka majina ya mbwa. Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto watatu, na napokea kahawa mbivu kwenye kiwanda kidogo cha wakulima cha kumenya kahawa. Kazi yangu ni mizanini. Nina hasira za karibu, nawaambia mapema msije mkashangaa huko mbele.

Meneja wetu ni baba wa miaka hamsini na kitu, mpole, hana baya na mtu. Ila kuamua hawezi. Ukimuuliza mashine iwashwe au isiwashwe, anakwambia, "Ngoja kwanza tuangalie." Maji ya mfereji wa kuoshea kahawa yamepungua, tufanyeje? "Tuangalie." Na kahawa mbivu haingoji. Ikilala kwenye gunia inapata moto, inachacha, na ukiichanganya na ya wenzako unaharibu ya wote. Msimu wa kwanza nililia sana. Msimu wa pili nikapata akili: nikawa naamua mwenyewe, halafu nawatangazia watu, "Meneja amesema." Kazi ikanyooka. Foleni ikatembea, vijana wa mashine wakajua la kufanya, na yeye akaanza kusifiwa mpaka kanisani kwamba siku hizi amebadilika. Hakuwahi kuniuliza hata mara moja. Nikajiona nimeiweza kazi.

Msimu huu akaja mzee mmoja kutoka kijiji cha Ukata na magunia matatu. Namheshimu yule mzee, kila mwaka namwamkia na kila mwaka ananiletea ndizi. Siku hiyo mashine ilikuwa imezidiwa. Akaenda ofisini, na kwa masikio yangu nikamsikia meneja akimwambia, "Mzee, iache hapa hapa, tuangalie kesho." Kesho yake akaambiwa tena kesho. Siku ya tatu mchana nikafungua gunia la kwanza, harufu ikanipanda puani. Nyuma yake foleni inapiga kelele, jua linachoma, nimechoka. Nikamwambia bila hata kumtazama, "Mzee, meneja amesema hii imechacha, kaimwage."

Mzee akaenda moja kwa moja ofisini. "Umesema nikaimwage? Kahawa uliyoizuia wewe mwenyewe?" Na yule baba, badala ya kusema ndiyo au hapana, akaanza, "Aah, mzee wangu, hebu kwanza tuangalie..."

Mzee akatoka, akachukua lile bao zito lenye mpini tunalosukumia kahawa kwenye mfereji, akarudi nalo ndani. Pigo la kwanza lilimpata meneja begani. La pili alikinga kwa mkono, nikausikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Akakimbilia nje, akaanguka mferejini, mzee akamfuata mle mle majini, anampiga mgongoni, kichwani, mdomoni. Maji yakawa mekundu. Foleni nzima ikapandwa na wazimu. Wengine wanarusha mawe, wengine wanampiga mateke meneja aliyelala chini, watu ninaowaona kila Jumapili wakipokea komunyo. Nikabeba ndoo ya chuma, nikampiga nayo mzee usoni mara mbili, damu ikanirukia mpaka kwenye kitenge, ndipo akaachia lile bao. Akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti mpaka polisi walipokuja kumchukua.

Sasa sikilizeni nisichowahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Lile pigo la kwanza lilipotua, moyoni nilifurahi. Nilisema, haya, na hapa utasema tuangalie? Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita nikaenda kumwona meneja hospitali. Jicho moja limeziba, meno matatu ya mbele hayapo, mkono umefungwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Fulani. Hivi ile kauli ya kumwaga kahawa, niliitoa mimi? Najaribu kukumbuka, sikumbuki."

Niliogopa. Ndugu wa mzee wameshaapa kwamba aliyemponza mzee wao watamkata mapanga. Niliogopa panga, niliogopa kufukuzwa kazi, nikasema, "Ndiyo baba, ulisema wewe."

Akatabasamu na ule mdomo wake uliopasuka. "Kumbe niliamua. Na niliamua vizuri, kahawa iliyochacha haipokelewi. Basi na hili naamua. Polisi wameniuliza kama nitamsamehe. Simsamehe. Nataka afungwe, na sirudi nyuma."

Nikamuuliza taratibu, "Baba, na kule kumwambia asubiri kesho?"

Akanishangaa. "Mimi? Hapana, hilo sikusema."

Miaka yote namwombea huyu baba apate msimamo. Kaupata kitandani, kwa uongo wangu.

Juzi mke wa mzee akaja nyumbani. Nilijua amekuja kunitukana kwa ile ndoo. Kumbe amekuja kunishukuru, eti bila mimi mume wake angeua. Akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie tu kwamba mume wangu alisubirishwa siku mbili. Hana shahidi mwingine." Nilishindwa hata kumkaribisha chai.

Jumatatu natakiwa polisi kuandika maelezo. Naweza kusema ile nusu ya kusubirishwa na nikaifukia yangu, lakini meneja atakana, na mimi nitakuwa nimemwacha mzee wa miaka sitini afungwe huku najua ni mdomo wangu uliomtia wazimu. Nikisema yote, kazi imeisha, na mapanga ya wale ndugu yanajua kwangu. Kama mna matusi, yawekeni kwanza pembeni, mtanitukana baadaye. Nikikaa mbele ya yule askari, nianze na lipi?