Vyeti Mikononi mwa Mtani

Kabla ya usaili ule nilikuwa nimeitwa mara mbili, na mara zote mbili sikuingia. Mara ya kwanza nilifika hadi mlangoni, mkono ukiwa juu ya kitasa. Mara ya pili niliishia getini, nikamwambia mlinzi nimekosea ofisi, nikageuka. Mama, aliyebaki kijijini kwetu Mbuchi na mpunga wake, nilimwambia kwa simu kwamba nafasi zilikuwa zimeshajaa. Aliamini, au alinionea huruma. Kwenye simu mambo hayo mawili yana sauti moja.

Watu wa kwetu hali hii huiita aibu. Aibu naijua, nayo hupita. Hii yangu haipiti. Mtu akinitazama akisubiri jibu, naanza kusikia mate yangu yakishuka kooni, na nikishayasikia hayo sisikii kingine. Si kwamba sina maneno. Utotoni, nikiamia ndege wasile mavuno, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo katikati ya shamba la mpunga, nilikuwa nahutubia kutwa nzima. Nilijiuliza maswali na kuyajibu kwa sauti hata sauti ikakauka. Ndege hawakai wakakusubiri umalize.

Usaili wa tatu ulikuwa wa zahanati ndogo ya binafsi mjini Kibiti. Walitaka karani wa mapokezi: kuandikisha wagonjwa, kutafuta mafaili, kuwaita watu kwa majina. Kazi ya kuongea, yaani. Niliomba kwa sababu kazi nyingine zote zilitaka uzoefu, na nilikuwa nimeshachoka kuomba. Nilijiambia kwamba hii nikiikimbia, narudi Mbuchi na sitaomba tena.

Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, fundi cherehani. Asubuhi ile aliniangalia nikifunga vifungo vya shati kwa mara ya tatu.

"Kwani hao watu wanakula watu?"

"Hawali, mama."

"Basi. Ingia, sema, utoke. Nywele umechana?"

Nilikuwa nimekariri majibu ya maswali kumi na mawili kutoka kwenye simu. Kwenye benchi la nje nilikaa karibu na dada mmoja wa Mchukwi aliyeongea na kila aliyepita, hata na mfagiaji. Aliingia, nikasikia vicheko, akatoka akitabasamu. "Wazuri tu, kaka. Hawana neno." Nikamchukia kidogo, na chuki yenyewe ikanichosha.

Nikaitwa. Niliingia.

Mezani walikuwa watatu: daktari aliyekuwa mwenyekiti, mtu wa bara, mpole; matroni, mama mnene wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani; na kijana mwenye kompyuta, mdogo kwangu kwa miaka miwili au mitatu. Njia nzima nilikuwa nawaza nianze kumwamkia nani. Macho yakaenda kwa kijana, na mdomo ukatoa: "Shikamoo."

Kijana akatazama nyuma yake. "Mimi?"

Daktari akakohoa. "Karibu, kaa. Tuambie wewe ni nani."

Hilo lilikuwa swali la kwanza kati ya yale kumi na mawili. Jibu lake nilikuwa nalijua kama sura yangu. Nilifungua mdomo, mate yakashuka, nikayasikia. Bahasha ya vyeti ikaninata vidoleni kwa jasho. Feni ilikuwa inazunguka na kugonga kitu kila ikipita, nikajikuta naihesabu.

"Usiwe na wasiwasi," daktari alisema. Hakuna neno linalonitia wasiwasi kama hilo.

Matroni alikuwa amevaa miwani, anasoma barua yangu ya maombi. "Mbuchi," alisema polepole. Kisha akaishusha barua. "Huyu Mrufiji! Mwenyekiti, huyu mtani wangu, sisi Wanyamwezi tunawajua hawa. Ndiyo maana hasemi. Mamba keshamla ulimi, kabakiza meno."

Kijana akacheka. Mimi nikaendelea kuihesabu feni.

Kwetu ukitaniwa unajibu. Ukinyamaza, umenuna, na kununa ni kuukataa udugu. Najua hivyo tangu utoto, na sijawahi kuweza. Bibi alipofariki, mtani mmoja alijifunga kanga ya marehemu akatembea kama yeye, mgongo umepinda hivi, mpaka mama akacheka huku analia. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya choo. Wakanifuata, wakanitania, wakasubiri. Nikakimbilia mpungani.

"Hasemi," matroni alisema. Akainuka, akanyoosha mkono juu ya meza, akaichukua bahasha yangu. Akaiweka kitini, akaikalia nusu. "Vyeti nimekamata. Mtani akitaka mali yake, aikomboe kwa mdomo."

"Matroni," daktari alisema, "tuna watu tisa nje."

"Haya ya kwetu, mwenyekiti. Tuachie dakika moja."

Wakaniangalia wote watatu. Mlango ulikuwa nyuma yangu, nao haukufungwa vizuri, ningeweza kutoka. Lakini vyeti vyangu vyote, tangu cheti cha kuzaliwa, vilikuwa chini ya paja la mwanamke yule. Bila hivyo hata kukimbia kusingekuwa na maana. Nikahisi uchovu mkubwa, wa miaka yote ya kujificha nyuma ya vyoo, na ndani ya uchovu ule nikakosa nguvu hata ya kuogopa.

"Nirudishie," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Wewe vitakusaidia nini? Babu zenu walikuja pwani na mizigo kichwani. Mpaka leo huwezi kuona kitu cha mtu usikibebe."

Matroni akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Ulimi anao! Mla kambale ulimi anao!"

"Na nyie michembe yenu ya viazi imewaziba masikio," niliongeza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

Akanirudishia bahasha. Daktari alitikisa kichwa, akauliza tena mimi ni nani, nikamjibu. Majibu yale ya simu yalikuwa yamepotea, nikasema yaliyokuwepo. Mwisho akauliza: foleni ni ndefu, mgonjwa amekasirika, anakufokea, utafanyaje?

"Nitaogopa," nilisema. "Lakini nitaandika jina lake kwanza. Mikono yangu hufanya kazi hata nikiogopa."

Akaandika kitu. Sikujaribu kukisoma.

Ningependa kusema kwamba siku ile kitu kilifunguka. Hakikufunguka. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za duka la simenti, nikahesabu vyeti vyangu mara mbili kabla ya kuondoka. Siku zilizofuata nilirudia kila neno nililosema, nikaona nimemtukana mama wa watu kazini kwake, mbele ya bosi wake. Mezani kwa mama mdogo nilikuwa nikishika kijiko, nakumbuka, nakiweka.

Siku ya tisa simu ikaita mchana. Nikaiacha. Ikaita tena, nikapokea. Alikuwa yule kijana wa kompyuta. Nimepata, miezi mitatu ya majaribio, nianze Jumatatu. "Na matroni anasema," aliongeza, "uje umeshiba, maana yeye utani hatauacha."

Nilimshukuru. Kisha nikajilaza kitandani na viatu miguuni. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: dirisha, na watu nyuma ya dirisha, mmoja baada ya mwingine, siku sita kwa wiki, kila mmoja akinitazama akisubiri niseme.

Mama mdogo akachungulia, nyuzi shingoni. "Vipi?"

"Nimepata."

"Alhamdulillahi! Wenzio wakipata wanaruka, wewe unalala?"

"Nimechoka, mama."

Akanitazama kidogo. Akaja, akanivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga chini ya kitanda. "Lala basi," alisema. "Mpaka Jumatatu una siku nne."