Harusi Niliyoifungia Ndani ya Kompyuta

Keti, mwanangu, nikusimulie Ijumaa moja ya miaka ya tisini, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka kusomea kompyuta Tononoka, najiona mimi ndiye mimi. Shangazi yangu alikuwa na ofisi ya kupiga chapa Makadara, na mpiga chapa wake alikuwa Bi Rukia, mama wa makamo aliyewahi kuchapa barua za nusu ya Mji wa Kale. Kompyuta yetu iliendeshwa na mfumo wa kununua, ule wa vijipicha: ukitaka kuandika unabofya karatasi, ukitaka kuchapisha unabofya printa. Bi Rukia aliuzoea kama jiko lake. Tabu ya mfumo ule ni kwamba ulimkaribisha kila anayebisha hodi. Wateja walileta disketi zao, disketi zikaleta virusi, na mara mbili kazi zetu zote zilipotea.

Binamu yangu baharia akaniletea sidii ya mfumo huria, ule ambao yeyote duniani anaweza kuusoma ulivyoandikwa na kuurekebisha. Niliupenda siku hiyo hiyo. Kila mtumiaji ana jina lake na neno lake la siri, na vile virusi vyetu havikuwa na la kufanya humo. Alhamisi alasiri, bila kumuuliza mtu, nikaufuta ule wa zamani nikauweka huu. Kazi zote nikazihamishia humo, zikiwemo kadi za harusi ya binti yake Bi Rukia, zilizokuwa zichapishwe kesho yake na kugawanywa baada ya swala ya Ijumaa. Nikamchagulia Bi Rukia neno la siri refu, herufi na tarakimu zimechanganyika, nikamkataza kuliandika popote.

Asubuhi nikaenda Mwembe Tayari kupeleka mzigo wa shangazi kwenye basi la bara. Basi lilichelewa, na mimi nikachelewa nalo. Niliporudi watu walikuwa wameshaanza kwenda msikitini. Bi Rukia ameketi mbele ya mashine, machozi yanamlengalenga.

"Ndoo hapa, mwanangu," akaniita, bila kupandisha sauti. "Jana mashine hii ilikuwa yaniyua. Leo yaniuliza mimi ni nani. Nimeijibu mpaka nimechoka."

"Lakini Bi Rukia, nilikuwa nakulinda na virusi."

"Virusi vimezuiliwa, alhamdulillahi. Na mimi pia nimezuiliwa, na harusi ni ya mwanangu."

Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Nikaliingiza neno la siri, mashine ikafunguka, lakini printa haikuelewana na mfumo mpya hata kidogo. Hilo sikuwa nimelijaribu.

Basi Bi Rukia akajitanda buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kualika kwa mdomo, mlango kwa mlango, kama walivyofanya bibi zake. Kila nyumba alisema, "Kadi zimefungiwa ndani ya kompyuta, na aliyezifunga ndiye huyu." Watu wakacheka, wakatukaribisha sharubati. Harusini walikuja wengi kuliko kadi tulizokusudia, hata pilau ikabidi ipikwe mara ya pili.

Wiki iliyofuata nilimrudishia Bi Rukia mfumo wake. Ule huria nikauweka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, disketi za wateja zikawa zinafunguliwa humo kwanza, na yanayopita kwenda kwa Bi Rukia yakawa maandishi matupu, yasiyo na virusi. Kisha nikawa namfundisha ule huria kidogo kidogo, mpaka siku moja akajichagulia neno la siri mwenyewe. Hakuniambia hata mimi, na hapo ndipo nilipojua ameukubali.

Mwanangu, kila mfumo una raha yake na tabu yake. Usigombane na watu kwa ajili hiyo. Ila ukipewa kazi ya kulinda kitu, kaa kwanza kando ya mwenye kukitumia, umtazame anavyofanya kazi, umuulize, ndipo ufunge. Mimi nilijua kufunga, sikujua kuuliza, na aliyelia hakuwa mwizi. Mola akuzidishie elimu, akupe subira kwa wanaojifunza kwako, na wanaokutegemea wasikute umewafungia nje. Amina.