Rubisi ya Wakwe

Nakumbuka, mwanangu, siku ile mbwa asiyejulikana alipomuuma kaka yangu Deo kibanjani kwetu, shambani mwa migomba ya nyumbani, kule Ngenge. Mimi nilikuwa msichana, naye alikuwa anajiandaa kuoa. Tulikiosha kidonda kwa maji na sabuni, nikamsindikiza hospitalini Rubya, akachomwa sindano ya kwanza ya chanjo.

Muuguzi, mama wa makamo mpole, alitueleza vizuri. Ndani ya chanjo ile mna virusi vya kichaa cha mbwa vilivyokwisha kuuawa. Haviambukizi wala havizaani. Vinauonyesha tu mwili sura ya adui, nao unaanza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumkabili.

“Ila maiti haimtishi mtu kwa muda mrefu,” alisema. “Mwili ukiiona mara moja unaandaa askari wachache tu. Ndiyo maana tunauonyesha tena na tena, mpaka watoshe. Mrudi, wanangu.”

Hatukurudi, mwanangu. Kwetu hatuendi ukweni mikono mitupu, unajua, na ndizi za kukamua rubisi, pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe, zilikuwa zimeshaiva shimoni. Baba alisema ndizi hazingoji, sindano itangoja. Deo, mtiifu kupita kiasi, alikitazama kidonda, akaona kimefunga, akaingia kukanyaga ndizi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Rubisi ilifika, wakwe wakafurahi. Wiki chache baadaye, tukiwa kwenye maandalizi ya harusi, nilimpa Deo maji ya kunywa. Koo likambana, akakisukuma kikombe huku anatetemeka, na macho yake yananiomba msaada nisioujua. Hospitalini walisema kichaa cha mbwa kikishafika hapo hakina tiba. Tulimzika palepale kibanjani, kati ya migomba. Bado naumia.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na jambo hili alilitaja mara moja tu. Aliniambia, “Niliogopa aibu ya ndizi kuoza.” Hata mimi niliiogopa.

Sasa nawe umeumwa na mbwa huko Ijuganyondo, umechomwa mara moja, unaniambia kidonda kimepona na kazi zimekubana. Kidonda ni ngozi tu, mwanangu. Askari wako bado hawajatosha. Kesho panda gari urudi kliniki, na kila siku watakayokupangia uende, hata kama kuna harusi, hata kama kuna msiba. Majuto ni mjukuu.

Mungu akulinde, uoe, uzae, uzeeke. Na siku yangu ikifika, uwe wewe unayenizika mimi.